Mtoto Asiyetaka Kukhitimu

Katika ile karamu ya kuniaga, kwenye hoteli ya Qurum hapa Maskati, mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni kwangu Ansab, na kila asubuhi inaniarifu kwa uaminifu mkubwa kwamba sina pa kwenda. Ni zawadi ya busara kwa mstaafu, nawashukuru. Lakini usiku ule ule mmoja wenu, nadhani mdogo kuliko wote katika ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia ya mkato: "Mwalimu Nasra, mtoto mkorofi unamfanyaje?" Nikamwambia nitamwandikia. Haya ndiyo majibu. Yamekuwa marefu kwa sababu swali lilikuwa fupi.

Sitasimulia habari za vyeo. Vyeo vyangu viko kwenye mafaili, na mafaili yako kwenye ghala Rusayl, mahali pazuri pa kuhifadhia vitu ambavyo hakuna atakayeviulizia tena. Nitawaeleza miaka yangu ya mwanzo, kutoka mwaka wa sitini na nne hadi wa sabini, kabla hatujawa na ofisi wala warsha zenye mishale ya rangi ukutani. Mishale siibezi. Yule mtaalamu aliyetujia mwaka jana alisema jambo la kweli kabisa: ukitaka kuielewa tabia ya mtoto, tazama kilichoitangulia, kisha tazama mtoto anapata nini baada yake. Nilimpigia makofi kwa moyo wote. Alilieleza kabla ya chai ya saa nne jambo ambalo mimi lilinichukua miaka.

Niliingia Maskati mwaka 1964 pamoja na mume wangu, sanduku moja, na cheti cha ualimu chenye utepe mwekundu. Sababu za kuondoka Unguja mwaka ule mnazijua. Kila nyumba yetu ina masimulizi yake, na sitawaongezea yangu. Cheti kilisema nimefuzu kufundisha wasichana, pamoja na elimu ya nafsi ya mtoto. Palikuwa na kasoro ndogo tu: nchi haikuwa na skuli ya serikali ya wasichana hata moja. Ilikuwa na malango yanayofungwa usiku, na amri kwamba atakayetembea baada ya mzinga kulia sharti abebe fanusi. Kwa hiyo mwanga tulikuwa nao. Skuli ndiyo hatukuwa nayo.

Jamaa za mume wangu wakanipeleka Matrah kwa Bi Thuwaiba, mjane aliyekuwa akisomesha Kurani wasichana na wavulana wadogo katika ua wa nyumba yake, nyuma ya soko. Alikulia Pemba, akaolewa Matrah, na Kiswahili chake kilikuwa kama ameshuka melini jana. Nikamkabidhi cheti. Akakisogeza hadi puani, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, jambo ambalo chuoni pale sote tulitakiwa tusilione. Akaupapasa utepe.

"Utepe mzuri," akasema. "Kuteka maji unajua?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi. Nyinyi mlikaa mbele ya kamati. Mimi nilipewa ndoo.

Siku ya kwanza aliniachia wadogo. Nikawapanga kwa mistari, nikasimama mbele yao, nikawaeleza kanuni za darasa kwa Kiarabu nilichokisoma vitabuni, yaani Kiarabu cha watu waliofariki zamani. Wakanisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza wakaangua kicheko cha pamoja, hadi mmoja akajikojolea na mwengine akalia kwa kuwa aliyejikojolea alimkalia. Bi Thuwaiba hakunisaidia. Alikaa kwenye jamvi lake akitafuna karafuu, na nilipogeuka kumtazama akaniambia niendelee, ninafanya vizuri.

Desturi ya wakati ule, hapa kama kule kwetu, ni kwamba mzazi akimleta mtoto chuoni humleta na bakora. Humkabidhi mwalimu vyote viwili kwa pamoja, na baadhi yao walionekana kuijali zaidi bakora. Bi Thuwaiba alikuwa akiipokea kwa mikono miwili, akishukuru, akiisifu kama ni nyoofu. Wiki nzima nilingoja kuona itakavyotumika. Nilipomuuliza alinionyesha kwa kidevu kule uani, kwenye mwasumini wake. Ulikuwa umepanda hadi dirisha la juu, na kila tawi limeegemezwa kwa bakora. Mwasumini ule ulishikiliwa na heshima ya karibu kila ukoo wa Matrah.

Si kwamba hakuwa mkali. Alisema tu kwamba mkono wake umechoka na watoto hawachoki, kwa hiyo bakora ni mchezo ambao yeye hawezi kushinda. Adhabu yake ilikuwa kurudishwa nyuma. Mnajua mtoto huanza na suura fupi za mwisho wa Msahafu, akapanda taratibu hadi kuifikia al-Baqara, na akiimaliza hiyo amekhitimu. Mtoto akifanya ukorofi, Bi Thuwaiba humrudisha suura aliyokwisha kuipita, aisome yote upya mbele ya wenzake. Nimeona vijana wakakamavu wakilia machozi kwa kupitwa na dada zao. Nikaona hiki ndicho nilichofundishwa katika chuo cha ualimu Unguja kwa maneno mengi zaidi, nikaipenda adhabu ile kama yangu.

Zana zetu zilikuwa chache: majamvi, marfaa za kuwekea Misahafu, vipepeo vya ukili, na mtungi wa udongo, jahla kama uitwavyo hapa, ulioning'inizwa kwenye upenu ili upepo uyapoze maji. Zana kubwa ilikuwa sikio la Bi Thuwaiba. Watoto husoma wote kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, kelele ya mzinga wa nyuki, na yeye hulisikia kosa la mtoto wa kona ya mbali kabla mtoto mwenyewe hajalimaliza.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya Saidi, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa aking'ata. Hakubagua. Mimi nikamtungia mpango mzuri: aking'ata, anaondolewa jamvini, anakaa peke yake upenuni, atafakari. Akatafakari sana, kwa kuwa alizidi kung'ata, hasa kuelekea adhuhuri. Nikamlalamikia Bi Thuwaiba kwamba mtoto huyu ana tatizo kubwa la nafsi.

"Akishang'ata anapata nini?" akaniuliza.

"Hapati kitu, Bibi. Anaondolewa."

"Anakwenda wapi?"

"Pale upenuni."

"Na pale pana nini?"

Pale palikuwa na kivuli, upepo, na mtungi wa maji baridi. Wale waliozaliwa na viyoyozi hawajui majabali ya Matrah yanavyorudisha joto la mchana, kama kukaa ndani ya tanuri na mlango umefungwa kwa adabu. Nilikuwa nimempa Saidi, kwa kila mtu aliyemng'ata, mahali pazuri kuliko pote katika nyumba ile. Tukawahamishia watoto wote upenuni saa za joto. Saidi hakuwa na haja tena na nyama ya jirani yake, na tatizo lake kubwa la nafsi likapona bila ya mimi. Ukiyashika haya tu, mwanangu uliyeniuliza, unaweza kuacha kusoma hapa na ukafanya kazi vizuri tu. Lakini mie nna hadithi nyengine.

Moza alikuja na meli ile ile tuliyokuja nayo sisi. Unguja alikuwa ameanza skuli muhula mmoja. Alikuwa na sare, na alikuwa bado anayo, ingawa haimpiti kichwani. Baba yake, Bwana Khalfan, alikuwa na duka lake la nguo kule. Matrah akawa anauza nguo chini ya dari la mtu mwengine. Alikuwa mtu mpole, msafi, aliyepoteza karibu kila kitu isipokuwa kauli yake, na kwa hiyo kauli ile aliishika barabara. Siku aliyomleta Moza, pamoja na bakora nzito ya mti mweusi, alisema wazi mbele yetu: binti huyu atasoma mpaka akhitimu, na akishakhitimu atatawishwa, atakaa ndani kama walivyokaa mama yake na bibi yake. Nilisikia. Bi Thuwaiba alisikia. Moza, aliyekuwa na miaka sita na meno mawili pungufu, alisikia zaidi yetu sote.

Kwa miaka kadhaa hatukuwa na mwanafunzi mwema kama yeye. Alisoma haraka, kwa sauti safi, akawafundisha wadogo bila ya kuombwa. Kisha, yapata mwaka 1968, akafika al-Baqara, na shetani, kwa mujibu wa majirani, akamwingia.

Kwanza vilipotea viatu vyote mlangoni, vikapatikana kwa jirani upande wa pili wa ukuta. Akarudishwa nyuma. Akapanda tena hadi al-Baqara, na siku hiyo hiyo mbuzi akaingia chuoni, wala mbuzi hana kawaida ya kujifungulia kamba. Akarudishwa nyuma. Akapanda tena. Safari hii, watoto walipoambiwa wasimame kuitikia dua, safu nzima ya wasichana ikaanguka chini, kwa kuwa kila mtandio ulikuwa umefungwa kwenye mtandio wa jirani yake, kwa fundo dogo, zuri, la kishonaji. Mtoto wa muuza nguo. Akarudishwa nyuma.

Mimi nilikuwa na nadharia. Nilisema ni umri. Halafu nikasema ni majonzi ya kuhama. Mama mmoja jirani alisema ni jini wa kisimani, na ukweli nadharia yake ilikuwa na faida kuliko zangu, maana ilikuja na ubani. Bi Thuwaiba alisema ni ukorofi tu na akaendelea kumrudisha nyuma, akishangaa kwa nini dawa iliyomponya kila mtu haimponyi huyu. Akaongeza dozi. Badala ya suura moja akamrudisha mbili.

Mambo mawili yalinisumbua. La kwanza, katika fujo zile zote Moza hakuwahi kukosea aya. Mtoto mvivu hukosea, mtoto mwenye hasira hukosea. Huyu alitupa viatu lakini herufi alizitia kila moja mahali pake, kama mtu anayeheshimu Kitabu na ana ugomvi na kitu chengine. La pili, aliporudishwa nyuma hakulia. Alifunua Msahafu penye suura ya zamani, akajikunjia miguu, akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwao.

Kisha ikavunjika jahla. Haikuanguka yenyewe, Moza aliikata kamba mbele ya macho yetu, maji yakajaa majamvini, na kigae kikamchana mtoto mguu. Jeraha dogo, lakini mama yake hakuwa na sauti ndogo. Wazazi wakaja. Bwana Khalfan naye akaja, amesimama mlangoni bila kuingia, akaiona bakora yake nyeusi ikishikilia tawi la mwasumini, akaitazama kwa muda. Alisema aibu imemtosha: Moza akhitimu kabla ya Ramadhani, au amtoe na Msahafu ukiwa nusu, akae ndani hivyo hivyo.

Jioni ile nilibaki na Moza kukausha majamvi. Hatimaye nikamuuliza swali ambalo nililipata kwa Saidi na nikasahau kulitumia.

"Ukikhitimu, Moza, kutatokea nini?"

"Ntakaa."

"Utakaa wapi?"

Akaniangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtoto mdogo aliyekwama kwenye herufi. "Ndani, Mwalimu. Si alisema?"

Alikuwa ameihesabu njia yake vizuri kuliko mimi na cheti changu. Kila akikaribia mwisho anafanya kosa, na kila akifanya kosa sisi, walimu wake, tunamrudishia miezi kadhaa ya kutoka nje. Tulikuwa tunamwadhibu kwa kumpa alichokitaka. Tena tunashangaa mbona anakitaka tena. Sasa njia imeziba mbele na nyuma: akifanya fujo anatolewa, akitulia anakhitimu, na kote kuwili mlango ni ule ule mmoja, nao unafungwa.

Nilijiona mjanja sana kwa kugundua. Kesho yake nikavaa buibui langu, nikaenda kwa Bwana Khalfan kumweleza. Mke wake akaniletea kahawa na halua, akakaa nyuma ya pazia lakini karibu. Nikamweleza baba mtu habari ya nafsi ya mtoto, haja yake ya kujua, haja yake ya wenzake, na kwamba ukorofi ni lugha. Nilisema vizuri. Nilikuwa na mifano. Alinisikiliza kwa adabu ya muuza nguo anayejua tangu mwanzo kwamba mteja hanunui.

"Mwalimu," akasema nilipokwisha, "kule nilimpeleka skuli. Umeona yaliyotupata kule."

Nikataka kusema skuli haikuwa na kosa. Akainua mkono, taratibu.

"Hapa atakuwa ndani, na mie ntalala usingizi."

Cheti changu hakikufika huko. Nikala halua yangu, nikashukuru, nikaondoka. Ikiwa siku moja mtakwenda nyumbani kwa mzazi na maelezo mazuri, nendeni, ila kuleni kwanza.

Bi Thuwaiba nilimkuta anachambua mchele kwa vidole, maana kwa macho alikuwa hawezi tena, na sote bado hatujaliona hilo. Nikamweleza yote: al-Baqara, kurudishwa nyuma, kukaa ndani, na halua. Vidole vikasimama.

"Kumbe mie ndo nnaemlipa," akasema.

Nilidhani atakasirika. Kila mtu huona upesi mtungi ambao mwenzake amemwekea Saidi, na huchelewa sana kuuona wake. Lakini alicheka kidogo, kisha akamwita.

"Moza!"

"Labeka, Bibi."

"Umalize Msahafu wako kabla ya Ramadhani."

"Nikimaliza ntakaa ndani."

"Wee maliza. Ya nje niachie mie."

Moza akanitazama mimi, nami nikamwitikia kwa kichwa kwa uhakika wote wa mtu asiyejua kitu. Nilimuuliza Bi Thuwaiba baadaye ana mpango gani. Akaniambia mpango ni mimi kuteka maji.

Moza akasoma. Hakuna kiatu kilichopotea. Alifika mwisho wa al-Baqara siku chache kabla ya mwezi kuandama, na sauti yake ilitetemeka pale mwisho tu, na herufi hazikutetemeka.

Hapa mtoto akikhitimu hutembezwa kwa maandamano kutoka kwa mwalimu hadi kwao. Mmoja husoma dua na watoto wote huitikia "Amin" kila akitua. Tukamtembeza Moza katika vichochoro vya Matrah, amevaa nguo ya kijani, watu wa soko wakitoka madukani kutazama, wanawake wakiwa juu ya madari. Bi Thuwaiba alitembea amemshika bega, na watu walidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini pia asingeziona ngazi.

Bwana Khalfan alikuwa mlangoni kwake, na jamaa zake nyuma yake, na mkononi amekunja kitambaa cha hariri, kizuri kuliko kitu chochote nilichokiona dukani anakouza. Desturi inajulikana: baba humwambia mwalimu aseme anachotaka, mwalimu husema hataki kitu ila dua zenu, baba humkabidhi kitambaa, na wote huingia ndani kula halua. Hakuna anayesikiliza maneno yenyewe.

"Bibi Thuwaiba, umemsomesha mwanangu Kitabu cha Mungu. Sema unachotaka."

"Chochote?"

Bwana Khalfan akasita, kwa kuwa neno hilo halimo katika desturi. "Chochote nilicho nacho."

"Nnamtaka Moza."

Mtoto mmoja nyuma, aliyekuwa ameshazoea, akaitikia "Amin."

"Macho yangu hayaoni mstari," Bi Thuwaiba akasema, kwa sauti iliyofika madarini, siri yake ya miaka yote ameimwaga barabarani kama maji ya kuoshea mikono. "Nnataka khalifa wa kunisomea na kuwasikiliza wadogo. Aje asubuhi, arudi adhuhuri. Mpaka macho yangu yapone."

Nilimwona Bwana Khalfan akitazama soko zima lililomtazama. Kukataa ni kumnyima mwalimu wa Kurani, tena kipofu, mbele ya watu, baada ya kumwambia chochote. Kukubali ni heshima: binti yake si msichana anayezurura, ni khalifa wa Bi Thuwaiba. Mimi katika mifano yangu yote sikumpa pa kutokea. Nilimwonyesha tu kwamba amekosea, na mtu mzima akionyeshwa hivyo hung'ata kama Saidi. Bibi alimfungulia mlango wenye pambo juu yake.

"Mpaka yapone?" akauliza.

"Mpaka yapone. Inshallah si mbali."

"Basi mpaka yapone."

Na kitambaa pia akakichukua.

Moza akawa khalifa mkali kupita kiasi, kama wanavyokuwa wakorofi wote wakipewa madaraka. Hakuna hila aliyoletewa ambayo hakuwa ameibuni yeye. Wadogo wakishaondoka, mimi nikimfundisha hesabu na maandishi kwenye ubao nilioupaka masizi, kwa sababu hapakuwa na amri iliyosema khalifa asijue kugawanya. Bi Thuwaiba alikaa pembeni na karafuu zake, akisema kwamba yeye haoni tunachofanya, na lilikuwa jambo la kweli kabisa.

Na macho yake yakazidi. Hospitali ya Matrah wakati ule walikuwa tayari wakitoa mtoto wa jicho. Jirani yetu mmoja aliingia akiongozwa mkono, akarudi anatunga sindano. Mpwa wa Bi Thuwaiba alikuja kumchukua, akakataa: joto. Akaja tena: Ramadhani imekaribia. Akaja tena: daktari ana mikono baridi. Familia ikasema amekuwa mkaidi, uzee umemharibu, na kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa tabia, nikaombwa nimdhibiti. Nikajaribu kwa upole kwa mwaka mzima na zaidi. Kisha siku moja akakosea kizingiti chake mwenyewe, akaanguka, akapasuka paji la uso. Nikimfunga kitambaa nikamwambia maneno yote: kwamba atakuja kuvunjika nyonga, kwamba anatutesa sisi wanaompenda, kwamba dawa iko hatua chache kutoka mlangoni kwake na yeye anaikataa bila ya sababu yoyote.

"Umekwisha?" akauliza.

"Nimekwisha."

"Nikishaona, Nasra, Moza atakwenda wapi?"

Nilikaa chini palepale kizingitini. Nilikuwa nimemuuliza kila mtoto wa Matrah anapata nini, na mbuzi nusura nimuulize. Yeye tu sikumuuliza, aliyenifundisha swali lenyewe.

Mwaka wa sabini serikali ikabadilika, na mambo ambayo tulikuwa tukiyangoja yakaja kwa kusukumana kama watu mlangoni. Pakatangazwa skuli ya wasichana. Nikaitwa kusomesha, nikatoa cheti changu sandukuni, panya wameula utepe. Watu wote walikuja kwa Bi Thuwaiba na habari za radio na habari za barabara. Yeye alikuwa akiuliza neno moja tu: Khalfan ameandikisha?

Khalfan hakuja siku ya kwanza. Hakuja wala siku zilizofuata. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya uandikishaji, ninaandika majina ya watoto wa watu na macho yangu yako mlangoni, nikijisemea kwamba muuza nguo yule ana haki ya kulala usingizi. Siku ya mwisho, karibu na kufunga, wakaingia. Moza mbele, baba nyuma, na mkononi ana bakora mpya. Desturi ni desturi. Akanikabidhi vyote viwili, binti na bakora.

"Miaka miwili ametoka asubuhi, akarudi adhuhuri," akasema, hanitazami usoni. "Na mie nimelala."

Niliandika jina. Sikungoja gari, nilikwenda kwa miguu hadi kwa Bi Thuwaiba, na bakora mkononi, mwenye kuniona aseme atakavyo. Nikamtilia mkononi. Akaipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nzito. Ya Khalfan hii?"

"Yake."

"Kaandikwa?"

"Kaandikwa, Bibi."

Akaiegemeza ukutani, upande wa mwasumini, akasimama akitafuta buibui lake kwa mikono.

"Basi nipeleke hospitali."

Siku waliyomfungua bandeji tulikuwa mimi na Moza kando ya kitanda. Daktari akamwuliza anaona nini. Hakumjibu daktari. Alimtazama Moza kutoka miguuni kupanda juu, polepole, maana safari ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka.

"Umerefuka," akasema. "Ruhusa umemwomba nani?"

Moza alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Bi Thuwaiba akasema haya basi, twendeni, watoto wananingoja. Akataka kusimama, akavutwa nyuma akakaa. Mtandio wake ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kitanda, kwa fundo dogo, zuri, la kishonaji.

Safari hii hakuna aliyerudishwa nyuma.